Koti la Mtu wa Mlangoni

Karachi, Nazimabad
9 Februari 1986

Mdogo wangu Latifmiya,

Assalamu alaikum. Sisi huku wazima, isipokuwa magoti yangu, ambayo yameamua kuzeeka kabla yangu. Nimesikia Hamida alikuwa na homa. Mpe pole, umwambie anywe supu ya miguu ya mbuzi, aachane na hizo dawa zako za kufungwa kwenye karatasi. Na wewe je, bado unakodolea saa za watu kwa jicho moja? Utakuja kupofuka, na mkeo atakucheka.

Naheed anakusalimu mjomba wake. Na habari kubwa ndiyo hiyo: Naheed ameposwa. Kijana mwenyewe ni mhandisi, mpole, ana meno yake yote. Babu yake ni Mzee Sardarkhan. Wewe ulikuwa mdogo, lakini jina lazima unalikumbuka. Ni yule aliyekuwa akikaa safu ya kwanza kwenye baraza la Nawabu.

Huku sisi watu wa Jafargadh tumebaki vilevile, Latif. Miaka karibu arobaini tangu Nawabu auache utawala wake akapanda ndege kuja huku, na bado kila Idi pili tunafanya baraza. Mjukuu wake anakalia kiti (siku nyingine anauza matairi), na wanaume wanakaa kwenye mito kwa safu zilezile za baba zao. Ambao baba zao walikuwa wakisimama, nao wanasimama nyuma, karibu na viatu. Usicheke. Watu wanaozana kwa safu hizo.

Mimi nilishasema zamani kwamba baba yetu alikaa safu ya pili, mkono wa kushoto. Sasa upande wa kijana wanataka ushahidi, maana huku kila mtu baba yake alikaa safu ya pili. Kwa hesabu yangu ukumbi ule ulikuwa na watu elfu nne kwenye safu ya pili peke yake.

Kwa hiyo nitumie koti la baba. Lile refu la baraza, jeusi, liko kwenye sanduku la bati. Bibi Rabiya wa mtaa wenu anakuja kumwona dada yake. Mpe yeye alibebe mkononi, posta siiamini. Wanalitaka kabla ya Idi Kubwa. Wasipoliona, watakwenda kuposa kwingine, na mwanangu ana miaka ishirini na sita.

Dada yako,
Kamarjahan


Jafargadh
16 Machi 1986

Dada Kamar,

Wa alaikum salaam. Barua yako imefika ikiwa imefunguliwa na kubandikwa tena kwa gundi ya maji, kama kawaida. Ama walioisoma nao wanajua habari za magoti yako, na wanakupa pole.

Hamida amepona, ananisumbua vizuri tu. Mvua ya mwaka jana ilikuwa mbaya, kisima cha nyuma ya msikiti kimekauka, tunanunua maji ya gari. Mnara wa saa wa Nawabu umesimama saa nne na dakika kumi tangu Diwali. Manispaa wameniita nikautazame. Wazee wanasema Nawabu angekuwepo usingesimama. Vijana wanasema Nawabu angekuwepo angeuza mishale. Mimi nimewaambia tatizo ni kinyesi cha njiwa.

Hongera kwa Naheed! Nimefurahi mpaka nimefunga duka mapema. Mwambie mjomba wake atamtumia saa ya mkononi, nzuri, niliyoitengeneza mwenyewe.

Kuhusu koti, ngoja nitazame. Sanduku liko chini ya masanduku mengine, na ufunguo Hamida ameutia mahali ambapo hata yeye hapakumbuki. Halafu unajua nondo wa huku. Sijui kama kimebaki kitu cha maana. Kwani hakuna picha? Mimi naona picha ingetosha. Au niandike cheti kwa mkono wangu, nikipeleke kwa hakimu akipige mhuri.

Bibi Rabiya hajapata viza bado, kwa hiyo hakuna haraka.

Wako,
Latif


Karachi
2 Mei 1986

Latifmiya,

Salamu kwa wote. Ramadhani inabisha hodi na joto la huku si la kufungia. Naheed amekuwa mwembamba, anajifanya hana wasiwasi, akisikia kengele ya mlango anaruka.

Haya, ya nondo nimeyasoma. Wewe tangu utotoni ukitaka kudanganya unaleta mambo mengi kwa mpigo. Ulipovunja mtungi wa mama ulisema ni paka, halafu ni upepo, halafu ni mimi.

Nadhani najua unachoogopa, basi acha nikiseme mwenyewe, na wanaofungua barua wasome wakashibe. Baba hakukaa safu ya pili. Baba hakukaa kabisa. Alikuwa mtu wa mlangoni. Alisimama na fimbo yake ya fedha akitangaza majina ya wanaoingia. Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba Nawabu alipoondoka, Latif, sikuwa mtoto. Nilijua nilichokuwa nikisema nilipowadanganya wanawake wa huku. Nilikuwa mgeni, nimekaa na wenye baba wakubwa, wananiuliza "na wako je?", nikaona haya. Maneno yakanitoka, na yakishatoka huwezi kuyameza. Mume wangu, Mungu amrehemu, alisikia akanyamaza.

Basi sikiliza. Waliokaa walikuwa na vifungo vya fedha na waliosimama vya shaba. Kwenye makoti hakuna tofauti nyingine. Nenda kwa sonara pale nyuma ya soko, nunua vifungo sita vya fedha, vya zamani, vyenye ua. Mwambie Hamida avishone kwa uzi mweusi. Vya shaba vitupe kisimani, si kimekauka?

Naona aibu kukuagiza hivi. Nimeandika barua hii mara tatu. Lakini mimi ni mama kwanza.

Kamar


Jafargadh
20 Juni 1986

Dada,

Idi ilipita salama, mlo ulikuwa mwingi kuliko watu. Mvua imeanza.

Vifungo nimevipata. Rabiya amepata viza, anaondoka mwanzoni mwa Agosti. Koti liko kwa fundi cherehani, kuna mahali limeachia bega. Fundi ana kazi nyingi za harusi. Nitakuandikia.

Latif


Karachi
11 Julai 1986

Latif,

Fundi gani? Hamida anashona kuliko mafundi wa huko. Mzee Sardarkhan ameuliza tena, na safari hii hakuuliza kwa kucheka.

Kama koti umeliuza, niambie umeliuza. Sitakulaani. Niambie tu, nijue naanguka wapi.

K.


Jafargadh
3 Agosti 1986

Dada Kamar,

Bibi Rabiya ameketi sebuleni anakunywa chai, begi lake liko tayari, na mimi naandika haraka. Koti limo ndani ya begi. Nimelifunga kwa shuka. Kabla hujalifungua, soma kwanza, nakuomba.

Sikuliuza. Ningekuwa nimeliuza ningekuwa na uso wa kukutazama.

Unakumbuka mwaka sitini na tano, wakati wa vita vya nchi zetu mbili, nilikuambia niliugua? Sikuugua. Polisi walinichukua siku tatu wakaniuliza habari za barua zako. "Kamar ni nani? Magoti yake yanamaanisha nini?" Wallahi waliniuliza hivyo. Nilipotoka, wateja walikuwa wamehama. Watu niliosoma nao walikuwa wakipita upande wa pili wa barabara. Miaka minne nilikaa hivyo, na barua zako zinaendelea kuja, na kila zikija tarishi anazinyanyua juu ili mtaa mzima uone.

Mwaka sitini na tisa mwalimu Jashvantbhai akaandaa mchezo wa Siku ya Ukombozi, ile ya kukumbuka mji kuingia India, uchezwe uwanjani. Unajua huku Nawabu ni kichekesho. Wanamwekea tumbo la mto, anakimbia na vikapu vya kuku. Mwalimu akaja dukani akasema, "Latifbhai, nyie wa zamani, hakuna kisa kizuri cha ndani?" Alikuja dukani kwangu, Dada! Alikuwa mtu wa kwanza kukaa kwenye benchi lile kwa miezi. Nilitamani sana asiondoke. Nikampa.

Nilimpa kile cha baba. Nilimwambia palikuwa na mtumishi mmoja, Nawabu alimwambia, "Simama hapa mlangoni mpaka nikutumie gari." Ndege ikaruka. Mtumishi akasimama siku tatu na koti lake, jua kali, na kila mkokoteni wa punda ukipita akadhani ni gari, akapiga saluti. Sikumtaja jina. Mwalimu alicheka mpaka akamwaga chai. Hilo la saluti sikulitunga. Nililiona kwa macho yangu, nikiwa na miaka kumi na moja, nimejificha nyuma ya ukuta kwa sababu wenzangu walikuwa wakimcheka na sikutaka wajue ni baba yangu. Kumbe nilianza kumkana siku ile.

Halafu akauliza, "Nani atamcheza?" Nikasema mimi. "Koti tutalipata wapi?" Nikasema ninalo.

Mara kumi na saba nimemcheza. Nawabu anacheza mtu mwingine kila mwaka, lakini mtumishi ni mimi tu, watu hawamtaki mwingine. Wanatupa nyanya, wanatema mate ya tambuu, ndiyo raha yenyewe. Mwaka juzi mtu alinivuta akachana bega. Hamida alilifua mpaka akachoka. Nyekundu ya tambuu haitoki kwenye sufu. Na tangu mwaka ule wa kwanza hakuna aliyeniuliza tena barua zinatoka wapi. Wananiita "Mlangoni". Wananiletea saa zao. Wananialika harusini.

Vifungo vya fedha viko kwenye kibahasha. Sikuweza kumwambia Hamida avishone. Angeniuliza kwa nini, na mimi sina ulimi wa kumweleza mtu zaidi yako. Vishone wewe. Ukiona huwezi, lichome, useme Rabiya alipotelewa na begi kituoni.

Usinisamehe upesi.

Latif


Karachi
26 Oktoba 1986

Latifmiya,

Nimekaa na kalamu wiki kumi na moja. Msalimie Hamida. Naheed yuko kwake, ameolewa tarehe ishirini na tisa Agosti, wiki moja kabla ya Muharram. Saa yako anaivaa. Nilijua ungetaka kusikia hilo kwanza.

Sasa haya mengine.

Nilikasirika. Mimi ndiye niliyempelekea baba mkate wa mtama zile siku tatu, umesahau? Alikataa kula akiwa kazini. Aliniambia, "Weka hapo, gari likija nitakula njiani." Na wewe ukamfanya kicheko cha sokoni. Nikasema huyu si ndugu yangu tena. Halafu nikatazama kile kibahasha cha vifungo mkononi mwangu, nikakosa mahali pa kuiweka hasira.

Nilitaka kulifua usiingie uchafu ule nyumbani mwangu. Lakini Rabiya mdomo wake hauna mlango. Kabla sijachemsha maji, alikuwa ameshawatangazia mtaa mzima, na Mzee Sardarkhan akaingia na wanawe wawili, hata hodi hawakupiga vizuri. Koti limetandazwa kitandani. Vifungo vya shaba, vyote sita, vinanitazama. Nikasema moyoni, haya, yamekwisha.

Mzee akavaa miwani. Hakusema kitu kuhusu vifungo. Akagusa lile bega lililochanika. Akagusa yale madoa ya kifuani. Akaniuliza:

"Hii ni damu?"

Nilikuwa na jibu, Latif. Neno moja tu, tambuu. Nikafungua mdomo, na badala ya neno nikatokwa na kilio. Nililia kwa ajili yako, na kwa ajili yangu, na kwa ule mkate. Nililia kama mjinga mbele ya wanaume wageni.

Mzee akaona amejibiwa. Akakaa chini, sakafuni, yule wa safu ya kwanza. Akasema, "Sisi tuliokaa tulipanda ndege. Aliyesimama tukamwachia mlango, wakamuua kwa ajili yetu." Nikasema baba alikufa mwaka sitini na moja, kwa kifua. Akanipigapiga mkono akasema, "Hawamalizi siku ileile, binti yangu. Wanampiga mtu leo, anakufa baadaye." Wanawe wakainamisha vichwa. Na mimi, dada yako ninayekufokea wewe kwa uongo, nikafunga mdomo.

Idi pili walilipeleka ukumbini. Wamelitia kwenye kabati la kioo, karibu na kiti. Wamemwekea baba mto safu ya kwanza, haukaliwi na mtu. Muuza matairi alisoma hotuba. Wanawake wanagusa kile kioo na kujipaka mkono usoni, wengine wananibusu bega mimi. Mkwe wangu ananiita binti wa shahidi. Tambuu ya soko zima la Jafargadh, Latif, wanaisomea Fatiha!

Kila nikipita pale nainamisha uso, na wao wanasema, tazameni heshima yake.

Sitasema. Nikisema leo Naheed atarudishwa kesho. Barua hii uichome. Lakini wewe uko huru kuliko mimi, huna binti kwa watu. Mwezi ujao ni huo mchezo wenu. Acha. Nakuamuru kama dada mkubwa, acha, na uwaambie yule alikuwa nani. Angalau mmoja wetu amtaje kwa jina lake.

Kamar


Jafargadh
23 Novemba 1986

Dada Kamar,

Barua nimeichoma. Majivu Hamida ameyazoa bila kuuliza.

Nimefurahi kwa Naheed, hilo lichukue lote, halina doa. Hayo ya kioo nimeyasoma nikiwa dukani, nikalazimika kufunga mlango. Sijui nilikuwa nacheka au nafanya nini. Mteja mmoja aligonga akaondoka.

Nilikwenda kwa Jashvantbhai nikamwambia mwaka huu sichezi. Akashangaa. "Koti limeibiwa? Si neno, mke wangu atashona jingine kwa pazia." Nikasema si koti. Akasema, "Latifbhai, mji mzima unakusubiri wewe. Usijifanye ghali." Nikatoka. Usingizi ulinikataa siku nne. Nikawaza, nikisusa watasema lile la zamani: tazama, moyo wake uko kule kwa dada yake. Halafu nikawaza agizo lako. Nikaona bora nipande jukwaani kama kawaida, uwanja ukiwa umejaa, na pale pa kupiga saluti nisipige. Niseme. Kwa nini nimwambie mwalimu peke yake, wakati niliyemchekesha ni mji mzima?

Basi Jumapili iliyopita nikavaa lile pazia. Nawabu akakimbia na kuku zake, watu wakashangilia. Nikabaki mimi na mlango wa mbao. Nikaja mbele kabisa. Nikasema kwa sauti yangu, si ile ya mchezo:

"Mtu huyu alikuwa baba yangu. Jina lake Gulammiya, nyumba ya tatu nyuma ya msikiti. Alisimama hapa siku tatu. Hakuwa mjinga. Aliahidiwa."

Uwanja ukanyamaza. Nilimwona mzee Premjibhai, anayeuza mafuta, ametazama chini, na nikajua yeye alikuwa akijua siku zote. Nikasema moyoni, tayari, nimemtaja.

Mtu akapiga kelele kutoka nyuma, "Na mama yako alikuwa punda wa mkokoteni!"

Wakaangua kicheko ambacho sijapata kukisikia miaka yote kumi na saba. Watu walishikana mabega. Premjibhai naye, baada ya kitambo, akacheka. Nikafungua mdomo niseme tena, wakazidi, walidhani naigiza ububu. Na mkokoteni ukaja, maana ulikuwa umepangwa uje, punda na kengele zake.

Mkono wangu ukapanda wenyewe, Dada. Nikapiga saluti. Nyanya zikaanza.

Asubuhi Jashvantbhai alikuja dukani, akakaa kwenye benchi, amefurahi. Akasema yale maneno mapya ya "baba yangu" ni mazuri kupita yote, niyaweke na mwakani.

Nimemwambia sawa.

Mdogo wako,
Latif